Kuunganisha mifululizo ya data kwa pandas

Karibuni. Leo tunaunganisha mifululizo miwili ya data kwa pandas, maktaba ya Python ya kuchambua data. Fungua daftari lako la Python kwenye kompyuta tuandike pamoja.

import pandas as pd
a = pd.Series([10, 20, 30], index=['x', 'y', 'z'])
b = pd.Series([1, 2, 3], index=['y', 'z', 'w'])

Kabla ya kuendelea, angalia lebo, yaani majina ya thamani yaliyo kwenye index. y na z ziko pande zote mbili, x iko kwa a tu, w iko kwa b tu. Pandas huoanisha thamani kwa lebo, si kwa nafasi iliyokaa kwenye orodha. Karibu kila jibu la ajabu utakaloliona chanzo chake ni hapo.

Sasa andika pd.concat([a, b]). b imepangwa chini ya a, thamani sita. Lakini ukiita y, zinakuja mbili, 20 na 1, kwa sababu lebo zimejirudia. Kama lebo hazina maana kwako, ongeza ignore_index=True, zihesabiwe upya kuanzia 0. Kama zina maana, weka verify_integrity=True, ili programu igome palepale lebo ikijirudia. Mimi napendelea ikome mapema kuliko kuendelea na data yenye kasoro.

Tuziweke ubavuni:

pd.concat([a, b], axis=1, keys=['kwanza', 'pili'])

Hili ni jedwali la safu wima mbili zenye majina. Penye x, safu ya pili ina NaN, yaani hakuna thamani. Namba kamili nazo zimegeuka desimali, 10 imekuwa 10.0, kwa kuwa NaN ni ya aina ya desimali. Ukitaka lebo za pamoja tu, ongeza join='inner', zitabaki y na z.

Je, kujumlisha? a + b inatoa 21 kwa y na 32 kwa z, ila x na w zinapotea kuwa NaN. Tumia a.add(b, fill_value=0): x inabaki 10, w inabaki 3. Fanya hivyo pale tu ambapo kukosekana kweli ni sifuri. Kipimo ambacho hakikuchukuliwa si sifuri, kiache NaN.

Mwisho, ukikuta mafunzo ya zamani yanaandika a.append(b), usihangaike nayo. Iliondolewa kwenye toleo la 2.0, mwaka 2023. Weka concat mahali pake.