Wabunge waliokaa miaka mingi: tusikimbilie kuwatoa wote

Asanteni sana, ndugu zangu, naingia moja kwa moja maana muda wenyewe mchache. Kila uchaguzi ukikaribia mnasikia watu wanasema huyu kakaa sana, miaka ishirini yumo humo humo bungeni, atupishe. Mi nawaelewa kabisa, hasira zina sababu zake, ila leo nataka niwatetee wakongwe, sio wote lakini.

Kwanza tujue tunaongelea watu gani. Japani kuna Ozaki Yukio, aliingia bungeni kwenye uchaguzi wa kwanza kabisa mwaka 1890 na akatoka 1953, alichaguliwa mara 25. Marekani kuna John Dingell, miaka 59 kuanzia 1955. Kenya Mwai Kibaki alikua mbunge toka 1963 mpaka 2013, nusu karne, na miaka kumi ya mwisho ndo alikua rais. Uingereza wao wana kabisa cheo cha baba wa bunge, anapewa aliyekaa mfululizo kuliko wote na kazi yake kubwa ni kusimamia uchaguzi wa spika. Mwaka 2024 aliyekua nacho, Peter Bottomley, mbunge toka 1975, wapiga kura wakamwangusha, cheo kikaenda kwa Edward Leigh aliyeingia 1983. Kwa hiyo mkongwe naye anatolewa, watu wakiamua.

Sasa faida yao iko wapi? Iko kwenye kamati, sehemu ambayo wengi wetu hatuangalii. Mbunge mpya akikabidhiwa vitabu vya bajeti anaona namba tu, anakuta fungu la daraja, anasema sawa daraja linahitajika, linapita. Mkongwe aliyekaa kamati hiyo hiyo mihula mitatu anajua daraja hilo hilo lilitengewa hela mwaka juzi na mwaka jana tena, anauliza zile za mwanzo zimeenda wapi, hapo ndo utaona waziri anageuka nyuma kuangalia maofisa wake na vikaratasi vinaanza kusogezwa mbele. Waziri anakuja na wizara nzima mgongoni, mbunge silaha yake ni kumbukumbu, na kumbukumbu haipatikani kwenye semina elekezi ya siku mbili.

Mfano ninaoupenda ni wa seneta Robert Byrd wa Marekani. Alikaa Seneti miaka 51, 1959 mpaka 2010 alipofariki, alizijua kanuni kuliko mtu yeyote mle ndani na alitembea na katiba mfukoni. Mwaka 2002 Rais Bush anaomba kibali cha vita ya Iraq, wengi wanaharakisha, Byrd akasimama akawakumbusha azimio la Ghuba ya Tonkin la 1964, lile lililompa rais mkono huru kule Vietnam, na yeye mwenyewe alilipigia kura ya ndio siku hiyo. Yaani sio kitu alichosoma, alikuwemo! Walimshinda kura 77 kwa 23, ila hoja ile ingetolewa na nani kama wote wangekua wageni?

Halafu angalieni nchi iliyojaribu kuwatoa wote. Mexico mwaka 1933 waliweka marufuku, mbunge haruhusiwi kurudi muhula unaofuata. Kwenye karatasi inapendeza, kila miaka mitatu sura mpya, lakini fikirini mbunge wa hivyo anamwogopa nani? Mpiga kura hawezi kumwadhibu wala kumzawadia maana harudi tena, kazi yake ijayo iko mikononi mwa chama na rais, basi anawatumikia hao. Kwa miongo mingi bunge lile lilikua linapitisha tu anachotaka rais. Mageuzi ya 2014 yakaruhusu kurudi hadi miaka 12, na mwaka 2025 wameamua tena kuzuia kuanzia 2030. Mi naona wanarudi pale pale walipoumia, na inanisikitisha kwelikweli.

Ila ubaya wa ukongwe nao upo na ni mkubwa, siwezi kuwaficha. Kiti kinageuka mali ya familia, huyo Dingell alikirithi toka kwa baba yake aliyeingia 1933, alipoondoka akaingia mke wake. Afya nayo, Strom Thurmond wa Marekani alitimiza miaka 100 akiwa bado seneta, na seneta mwenzake wa huko Dianne Feinstein alifariki 2023 akiwa kazini na miaka 90 baada ya kuumwa muda mrefu, mwananchi anastahili mwakilishi anayeweza kufika kwenye kikao jamani. Na huyo Byrd ninayemsifu, mwaka huo huo 1964 alisimama zaidi ya masaa 14 akiongea mfululizo kuzuia sheria ya haki za weusi, baadae akajuta, lakini kiti kile kile kilichomlinda ndo kilimpa nguvu ya kuumiza watu.

Kwa hiyo mi napendekeza tuweke ukomo kwenye uenyekiti, kiti cha mbunge tumwachie mpiga kura. Chama cha Republican kwenye Baraza la Wawakilishi la Marekani walifanya hivyo 1995, mwenyekiti wa kamati anakaa miaka sita basi, anampisha mwingine, ila anabaki mjumbe na ujuzi wake wote na yule mpya anaweza kumuuliza. Uenyekiti ndo unaoamua muswada gani usikilizwe na upi ulale kabatini, mtu akiushika miaka ishirini hata wenzake wanamwogopa. Na mkongwe akija kuomba kura tena, msiishie kumuuliza kakaa miaka mingapi, fungueni hansadi, yale maandishi rasmi ya yaliyosemwa bungeni, muangalie muhula uliopita aliuliza nini kwenye kamati yake, alimbana waziri gani, na alipiga kura gani siku ya bajeti.