Soma Majibu Yako ya INR Kabla ya Kuogopa Herufi H

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunasoma pamoja karatasi ya majibu ya kipimo cha kuganda kwa damu. Nasema hasa na nyinyi mnaomeza warfarini, dawa ya kupunguza kuganda kwa damu: mliowekewa valvu ya moyo, mliopata donge la damu mguuni au kwenye mapafu, na wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Kama unamuuguza mama au baba, kaa naye hapa, karatasi mkononi.

Anza na jina na tarehe. Majibu ya miezi miwili iliyopita hayafai kupangia dozi ya leo.

Shuka hadi palipoandikwa PT. Hizo ni sekunde ambazo sampuli yako imechukua kuganda baada ya kuwekewa kemikali ya maabara. Kwa asiyetumia dawa huwa kama 11 hadi 13. Ila kemikali hizo hazilingani nguvu, kwa hiyo damu ileile inaweza kutoa sekunde tofauti Mwanza na Dar es Salaam. Ndiyo maana mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani lilileta INR, namba inayosawazisha tofauti hizo. Itafute, izungushie kalamu. Hiyo ndiyo yako.

Sasa tulia hapa, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Unaona INR 2.6, pembeni herufi H, na safu ya viwango vya kawaida inasema 0.8 hadi 1.2. Moyo unakulipuka. Jamani, H hapo inamaanisha tu kwamba namba imezidi ya mtu asiyemeza warfarini. Mashine haijui kuwa unatumia dawa! Kiwango chako wewe kimeandikwa kwenye kadi ya kliniki: kwa wengi ni 2 hadi 3, na kwa baadhi ya wenye valvu za chuma ni 2.5 hadi 3.5. Ile 2.6 ni majibu mazuri. Mtu akiiogopa H akaacha vidonge, damu inaweza kuganda kwenye valvu, au donge likapanda ubongoni likaleta kiharusi. Naomba sana, usiache dawa kwa sababu ya herufi.

Ikiwa chini ya kiwango chako, damu inaganda upesi mno. Ikiwa juu, hatari ni kuvuja. Vyote viwili mpelekee daktari, usijiongezee wala kujipunguzia. Badiliko la dozi huchukua siku mbili tatu kuonekana kwenye damu, hivyo kumeza viwili leo kufidia cha jana ni hatari.

Kabla hujaingia kwa daktari, jiulize nini kimebadilika. Matembele, mchicha na kisamvu vina vitamini K nyingi, inayopunguza nguvu ya warfarini. Sisemi uache mboga; kula kiasi kilekile kila wiki. Sato na dagaa havina shida hiyo. Dawa je? Metronidazo na septrin hupandisha INR, rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Diklofenaki ya maumivu huongeza hatari ya kutoka damu tumboni hata INR ikiwa nzuri. Zitaje zote, pamoja na za mitishamba.

Namba ikiwa ya ajabu na hakuna kilichobadilika, omba kurudia. Chupa ya kizibo cha bluu inayotiwa sampuli yako lazima ijae hadi alama. Damu ikiwa pungufu ndani ya chupa, majibu hupanda kwa uongo.

Ukiona choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kichwa kuuma ghafla, au umeanguka ukagonga kichwa, usisubiri kipimo wala tarehe ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo mdomo ukipinda au mkono ukilegea.

Na nyinyi wa Ukerewe na visiwa vingine, msije mjini na vidonge vya kuhesabu. Bebeni vya siku kadhaa za ziada, maana ziwa likichafuka hamwezi kuvuka kurudi, na dozi ya jioni haingoji kivuko.