Mwali Akirudi Darasani
(Mhadhara kwa walimu wa sekondari, Mtwara)

Walimu wenzangu, habari za asubuhi, na ahsanteni kwa kunialika.

Kila likizo ya Juni na Desemba, hapa Mtwara na kwa jirani zetu wa Lindi, watoto wengi wanaingia unyagoni na jandoni. Wanafundwa, wanachezwa, wanatolewa kwa ngoma na nguo mpya. Shule ikifunguliwa, binti ameshaambiwa amekua, mvulana ameshaambiwa yeye ni mwanamume. Sisi tunafungua kitabu pale tulipoishia, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sisemi unyago ufutwe, una heshima yake. Nasema makungwi wanazungumza na watoto wetu kuhusu mwili bila haya, sisi tunaona haya. Mada ya uzazi imo kwenye Baiolojia. Wangapi tunaipitia mbiombio, wasichana wameinamisha vichwa, wavulana wanacheka nyuma, tukamaliza kwa "mengine mtasoma wenyewe"?

Tazameni na maabara. Kundi lina wavulana na wasichana, vizuri. Lakini anayeshika bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia kimiminika, ni mvulana. Msichana anapewa kalamu kwa kuwa ana mwandiko mzuri, na mwisho wa kipindi ndiye anayeosha vyombo. Siku ya mtihani wa vitendo kila mmoja yuko peke yake, na binti hajawahi kufungua koki ya bureti. Halafu tunasema wasichana hawaiwezi Kemia! Hili halingoji waraka wa wizara. Mwalimu aseme tu: leo mnabadilishana.

Waraka tunao kwa jingine. Tangu Novemba 2021, aliyekatishwa masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi. Je, tumemfuata nyumbani kumwambia? Na akirudi, mtoto anabaki na nani msimu wa korosho, bibi naye akiwa shambani anaokota tangu alfajiri? Mkuu wa shule anaweza kumruhusu akanyonyeshe. Tukimnyima hilo, ruhusa ya kurudi inabaki karatasi.

Mvulana naye tumemsahau. Tangu 2016 Sheria ya Elimu imeweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Nani amemweleza darasani, akiwa bado mtoto?

Ombi langu ni kipindi kimoja kabla ya kufunga shule Desemba. Wavulana na wasichana wakae pamoja, mbele yao mwalimu wa kike na wa kiume. Maswali yaandikwe kwenye vikaratasi bila majina, na yajibiwe yote.