Liulize Gari Kabla Hujanunua Spea

Shikamooni wazee wangu. Wengine hamjambo? Mliosimama mlangoni sogeeni huku, benchi la mbele halina chawa.

Nimeombwa niseme juu ya magari kuukuu, na yale matatizo madogo ambayo mtu anaweza kuyatafuta mwenyewe hapo uani kwake. Wakati wenyewe ni mzuri, maana tuko Novemba. Siku si nyingi watu wetu wataanza kupanda kutoka Dar kuja kula Krismasi, zaidi ya kilomita 500, na gari lililopita Same, Mwanga na Himo bila shida litakuja kuaibika kwenye mwinuko wa Kibosho: boneti juu, mvuke unafuka, watoto wamekaa chini ya migomba na nguo zao mpya.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nimefundisha ufundi wa magari miaka mingi. Nina Corolla ya mwaka 1993. Asubuhi moja ya Julai, mnaijua baridi ya Julai, nikapiga stata: tak. Taa za dashibodi zikafifia, kimya. Nikasema betri hiyo. Nikanunua betri. Wiki ya pili, tak. Nikasema basi altaneta haichaji, nikatafuta ya mtumba, nikafunga. Wiki ya tatu, tak. Mke wangu, ambaye hajawahi kushika spana, akasimama na kikombe chake cha chai akaniuliza, "Hivi mwalimu, ulipima au ulinunua tu?"

Sikuwa nimepima. Ugonjwa ulikuwa kwenye waya wa ethi, ule mweusi unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini. Pale unapofungwa kwenye bodi, chini ya boliti moja ya spana namba 10, kutu ilikuwa imejaa kama ukoko wa ugali. Msasa, dakika kumi, kazi ikaisha. Betri mpya na altaneta ninazo mpaka leo, zinanitazama.

Sasa hii mita ya umeme, hii ya njano mnayoiona, ni ya bei ndogo tu, lakini ingeniokolea pesa zile zote. Iweke kwenye volti za DC, 20. Gari likiwa limelala usiku kucha, gusa vichwa viwili vya betri. Ukisoma 12.6, betri imejaa. Ukisoma 12.2, iko nusu. Chini ya 12, imeishiwa chaji, na hapo usiilaumu stata. Halafu washa injini, pima tena. Inatakiwa ipande ipite 13.5, ikae karibu na 14. Ikibaki pale pale kwenye 12, ndipo uitazame altaneta, na hata hapo anza na mkanda wake, maana mkanda uliolegea unateleza tu juu ya kapi.

Kipimo cha tatu ndicho watu hawakifanyi, na ndicho nilichokikosa mimi. Waya mmoja wa mita uweke kwenye hasi ya betri yenyewe, kwenye risasi, si kwenye kibanio. Mwingine uguse chuma kitupu cha injini. Mwambie kijana apige stata. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani. Fanya hivyo hivyo kati ya hasi na bodi. Langu lilisoma volti mbili na zaidi. Volti mbili, jamani! Hizo stata haikuziona kabisa.

Na ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri, mwagia maji ya moto yenye magadi. Ndiyo mama, magadi yale yale ya kande. Utaona povu, ni tindikali inauawa. Suuza, kausha, piga brashi ya waya, funga, paka grisi kidogo kwa juu. Ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Hapo spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya hairushi cheche.

Fyuzi nitazipitia haraka. Nyekundu ni ampia 10, buluu ni 15, njano ni 20. Ikiungua, weka namba ile ile. Ikiungua tena, kuna waya umechubuka mahali, utafute. Anayefunga waya wa nyumbani mahali pa fyuzi anachagua gari liungue badala ya fyuzi.

Sasa turudi Kibosho kwenye mvuke. Akina mama mnisaidie hapa. Maharage yakipikwa kule juu na yakipikwa Dar, yapi yanakula kuni nyingi? Ya juu. Kwa nini? Kwa sababu kadiri unavyopanda mlima, maji yanachemka kabla hayajapata joto kamili. Pwani yanachemka kwenye nyuzi 100. Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, ni karibu 95. Na injini nzima, yenye afya, inafanya kazi kwenye nyuzi 85 mpaka 95. Mnaona hatari ilipo? Maji ya rejeta yangekuwa wazi kama sufuria, kila gari hapa lingechemsha.

Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Ule mfuniko una springi, na magari mengi ya Kijapani umeandikwa 0.9, ndiyo presha yake. Unayabana maji, hivyo hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Mpira wake ukikauka na kupasuka, presha inatoroka, na gari ambalo Dar lilikuwa linajikongoja bila dalili linachemsha likifika mlimani, linapanda kwa gia ya kwanza, upepo hauingii mbele. Mwenye gari anaambiwa silinda hedi imekufa, kumbe ni kimpira. Kitazame asubuhi, injini ikiwa baridi. Nasema baridi! Ikiwa ya moto usiuguse, maji yale yatakurukia usoni.

Mfuniko ukiwa mzima, nenda kwenye feni. Toyota nyingi za miaka ile, ukiwasha swichi bila kuwasha injini na kuchomoa kisoketi cha swichi ya joto pale kwenye rejeta au injini, feni inatakiwa izunguke. Ikizunguka, mota, fyuzi na rilei ni nzima, ishuku swichi yenyewe. Isipozunguka, anza na fyuzi.

Na tafadhali, mtu akikwambia "toa thamostati, nchi hii ni ya joto," yaani ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, mshukuru, lipa soda yake, ondoka. Bila thamostati injini haipati joto lake upesi, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inamwaga petroli. Gari limepona kuchemsha, mfuko ndio unachemka. Ila ukiona mapovu yanapanda kwenye rejeta mara tu unapowasha injini ya baridi, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, hapo ni gasketi ya silinda hedi. Hiyo si kazi ya uani. Wala breki, kama hujafundishwa. Wala kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Swali? Eeh, mzee wangu wa kofia. Anasema taa ya injini inawaka na mafundi wanamwambia mashine yao ya kupimia haiingii kwenye gari la zamani hivyo.

Kama ni Toyota ya miaka ile, haihitaji mashine, mzee. Fungua boneti, tafuta kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya mfuniko kuna ramani ya matundu. Tafuta TE1 na E1, unganisha kwa kipande cha waya, washa swichi, injini usiiwashe. Ile taa itaanza kupepesa. Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililoandikwa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia kidogo, ikapepesa mbili tena, hiyo ni 22: senso ya joto la maji au waya wake. Senso hiyo ikidanganya, gari linakula mafuta na asubuhi linasumbua kuwaka.

Gari lenyewe liko hapa nje? Ile nyeupe chini ya mwarobaini? Basi nani ana kipande cha waya... asante kijana. Tutoke, mzee akae kwenye usukani, sisi tuhesabu.