Lebo Bado Yaning'inia

SALAMA: Msikilizaji, karibu tena. Leo kaka Bakari ameingia studio na blauzi mkononi kama mchuuzi wa feri. Hebu eleza umeitoa wapi.

BAKARI: Soko la Kongowea, kwa shangazi. Jumamosi nilimsaidia kufungua belo la mitumba. Dada, umewahi kufungua belo wewe?

SALAMA: Mimi hufika kamera, zile nguo bora kabisa, imeshachukuliwa, nabaki kupekua.

BAKARI: Basi ujue ile ni kamari. Kilo 45, limekazwa mikanda hadi limekuwa gumu kama jiwe, pesa umetoa na ndani hujaona. Mbuzi kwenye gunia. Ukikata mkanda linafura, halafu ile harufu...

SALAMA: Ile ya dawa!

BAKARI: Ile ile. Sasa shangazi hana haraka. Atoa moja moja, aiinua juani, avuta mshono, atupa kwenye fungu lake. Kamera hapa, fagia, yaani zile mbovu, kule. Katikati ya belo ikatoka hii, lebo ya duka yaning'inia. Euro 19.99. Haijavaliwa hata siku moja.

SALAMA: Nione. Ala! Hata kile kifungo cha akiba kimo kwenye kimfuko chake.

BAKARI: Mtu kainunua, kaitia kabatini, kaitoa kabatini, kaitumbukiza kwenye sanduku la msaada barabarani. Safari yote hiyo hadi Mombasa, hakuna aliyeitia mwilini.

SALAMA: Na mwenyewe karudi nyumbani moyo mweupe, katoa sadaka.

BAKARI: Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Lile sanduku ndilo linalompa ruhusa ya kununua tena. Kabati likifurika roho yamsuta. Akilipunguza apata nafasi, na thawabu juu yake. Jumatatu yuko dukani.

SALAMA: Lakini usimtwike mnunuzi mzigo wote. Burberry, kampuni ya nguo za kifahari ya Uingereza, 2018, ilionyesha kwenye hesabu zake kwamba kwa mwaka mmoja iliharibu bidhaa za pauni milioni 28.6. Nguo, manukato, vitu vizima. Kelele zilipozidi, Septemba ikatangaza kuacha.

BAKARI: Heri kuchoma kuliko kuonekana umepunguza bei!

SALAMA: Ufaransa walitunga sheria 2020, kuharibu bidhaa mpya zisizouzika marufuku. Kwa nguo ikaanza kushika 2022. Na kuna hili lililonichekesha. Mwishoni mwa 2023 wakaanza mpango: Mfaransa akipeleka nguo au viatu kwa fundi aliyesajiliwa, apunguziwa kati ya euro 6 na 25.

BAKARI: Ngoja. Alipiwa kwenda kwa fundi cherehani?

SALAMA: Alipiwa! Na fundi wangu pale chini ya mwembe hajui kuwa yeye ni sera ya serikali.

BAKARI: (anacheka) Usimwambie, atapandisha bei. Lakini angalia: kuanzia 2000 hadi 2015 nguo zinazotengenezwa duniani zimekaribia maradufu, na mara ambazo nguo huvaliwa kabla ya kutupwa zikashuka kwa asilimia 36. Ni hesabu za shirika la Ellen MacArthur Foundation. Shangazi hajazisoma, ila azijua kwa vidole.

SALAMA: Kivipi?

BAKARI: Zamani fagia haikuwa hasara tupu. Fulana ya pamba iliyochakaa waikata vipande, wawauzia watu wa gereji, wapangusia oili. Siku hizi polyester tupu. Makanika alimrudishia mfuko mzima: "Mama, hii hainywi, yapaka tu."

SALAMA: Kwa hiyo haivaliki wala haipangusi.

BAKARI: Yaenda jaa. Na si letu peke yetu. Kule Chile, nguo zinashukia bandari huru ya Iquique, zisizouzika zinamwagwa jangwani karibu na Alto Hospicio. Vilima vya nguo juu ya mchanga, na jangwa la Atacama mvua ni nadra mno, kwa hiyo hata kuoza hazitaki.

SALAMA: Basi mitumba ipigwe marufuku?

BAKARI: Shangazi kasomesha watoto wanne kwa mitumba, usinigombanishe naye. Na walishajaribu. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa ifikapo 2019. Wauza nguo kuukuu wa Marekani wakaenda kushtaki kwa serikali yao, ikatishia kutufungia AGOA, ule mpango wa bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia kodi yake ya mitumba, na Julai 2018 nguo zake zikavuliwa msamaha wa ushuru kule.

SALAMA: Yaani mtu akipigania pahali pa kumwagia takataka zake, huiita biashara huria.

BAKARI: Takataka na riziki, dada, ndani ya belo moja. Ndiyo maana sitaki tuanze kukata huku mwisho wa bomba. Mfereji uko wazi kule, kwenye duka linaloleta mitindo mipya kila wiki.

SALAMA: Haya, tuseme kweli. Wewe una viatu vyeusi jozi ngapi?

BAKARI: Muda umekwisha, msikilizaji...

SALAMA: Bakari!

BAKARI: Sita. Wavaa hii blauzi? Shangazi asema mia mbili.

SALAMA: Yapendeza, lakini nipe kile kifungo tu. Chafanana na kile kilichonitoka kwenye blauzi yangu ya Idi, nimeitundika tangu mwaka jana.

BAKARI: Na blauzi yenyewe?

SALAMA: Mrudishie shangazi. Mwambie aiweke kwenye kamera.