Dakika 88 za Mshambuliaji

(Mhadhara kwa makocha, wazazi na wachezaji vijana, Mwanga, Kigoma)

Wazee wangu, akina mama, walimu wenzangu, na nyie vijana mliojibana kule mlangoni, shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimeitwa kuzungumzia safari ya mshambuliaji wetu wa Tanzania, Mbwana Samatta. Mbagala, African Lyon, Simba, Mazembe, Genk, Aston Villa: mpangilio huo hata mtoto wa darasa la tatu anaukariri, kwa hiyo siurudii. Nasema juu ya kazi ya mshambuliaji asipokuwa na mpira, kile nilichokwisha kukisema Gungu, nikakisema Ujiji, nikakisema mpaka msibani. Na bado Jumamosi nikifika uwanjani namkuta namba tisa wetu kasimama, mikono kiunoni, anasubiri aletewe mpira.

Nilikuwa na kijana, simtaji jina, sasa ni mtu mzima na watoto wake. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unawatoa watu majumbani. Mama yake alikuwa anauza dagaa pale Kibirizi. Siku moja mama akanijia juu: mwalimu, mwanangu umemweka benchi kwa kosa gani? Sikubishana naye. Mechi iliyofuata nikampanga kijana tangu mwanzo, mama nikamkalisha pembeni yangu, nikamkabidhi saa ya kuhesabia. Nikamwambia, mama, mwanao akigusa mpira bonyeza, ukimtoka bonyeza tena.

Mpira ulipokwisha, saa ilisoma dakika moja na sekunde 50. Mama akaigeuza, akaitikisa, akasema imekufa hii. Nikamwambia haijafa. Hata wachezaji wakubwa kabisa duniani, katika dakika 90, mpira unakaa miguuni mwao dakika mbili tatu tu. Mama akanyamaza, halafu akaniuliza swali ambalo sijapata kulisikia kwa kocha yeyote: "Sasa hizo nyingine zote mwanangu anafanya nini?"

Kisha akaniambia, baba yake huyu anakesha ziwani. Wavu unavutwa mara chache tu. Lakini usiku kucha halali: anaangalia taa, anasikiliza upepo, anapanga kamba, anajua dagaa wamekusanyika upande gani. Akilala, atavuta maji.

Mama huyo hajasoma kozi yoyote ya ukocha, na alinielewa kuliko nusu ya watu ninaokaa nao kwenye vikao.

Sasa twendeni Anfield. Novemba 2019, Genk wako kwa Liverpool katika Ligi ya Mabingwa. Wengi wenu tulikuwa wote kwenye kibanda umiza hapa hapa Mwanga. Dakika ya 40, kona, Samatta anapiga kichwa, moja moja. Watu walipanda juu ya mabenchi. Baadaye Liverpool wakashinda mbili moja, tukarudi nyumbani tukiongelea kichwa. Kichwa, kichwa, kichwa! Jamani, kichwa kilichukua sekunde moja. Mimi nataka mrudie kutazama kabla ya kichwa. Tazameni miguu, achaneni na mpira. Mtu anayekwenda mwamba wa kwanza, ule wa goli ulio karibu na kona, hawezi kuondoka mpira ukiwa umeshafika. Anaondoka kona inapopigwa, anamtangulia anayemkaba kwa hatua moja, na hiyo hatua moja ameitafuta pia kwenye kona ambazo hazikumfikia. Kona tano unakimbia bure, ya sita unafunga. Vijana wetu wakikimbia bure mara mbili, ya tatu wanatembea.

Najua mtakachoniambia. Mwalimu, yule kazaliwa Dar es Salaam, kwenye timu kubwa na kamera. Sisi huku nani atatuona? Mwaka 2011 Mazembe walikutana na Simba, wakamwona, wakamchukua. Lubumbashi ya Kongo hiyo! Chukueni ramani mnyooshe uzi: kutoka hapa Kigoma, Lubumbashi ni karibu kuliko Dar es Salaam. Alikwenda hapo ng'ambo, akiwa na miaka 18, wakati wenzake wanaota Ulaya ya moja kwa moja. Akakaa karibu miaka mitano. Mwaka 2015 Mazembe wakachukua ubingwa wa Afrika mbele ya USM Alger, naye akafunga fainali zote mbili, ya Algiers na ya Lubumbashi. Januari 2016 akatajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Na juu ya kuonekana, kipa Juma Kaseja ni wa hapa hapa Kigoma. Leo Mashujaa, timu yetu ya hapa, wako Ligi Kuu, timu zote kubwa zinakuja uwanja wetu wa Lake Tanganyika. Tusijifiche nyuma ya umbali.

La pili mtasema, mbona Villa ligi nzima alifunga bao moja? Kweli, moja, dhidi ya Bournemouth, na jingine kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley mbele ya Manchester City. Hilo linaniudhi, kwa sababu linasemwa na watu waliomwita mfalme msimu wa 2018/19, alipofunga mabao 23 ya ligi na Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji. Baada ya Villa amekwenda Uturuki, amerudi Ubelgiji, amekwenda Ugiriki, na mwaka 2024 PAOK wakatwaa ubingwa naye akiwa ndani. Mshambuliaji aliyepita miaka 30 na mabao yamepungua, makocha wanaendelea kumpanga kwa nini? Anakabia juu, anavuta mabeki wawili, mwenzake anapata uwazi. Hizo ndizo dakika za mama wa Kibirizi.

John Bocco nilitaka nikae naye muda mrefu zaidi. Mfungaji bora wa ligi msimu wa 2011/12 akiwa Azam, mabao 19. Akawa tena mfungaji bora 2020/21, Simba, mabao 16. Kati ya hapo na hapo ni miaka tisa. Muulizeni mtu yeyote aliyemkaba, alikuwa anafanya nini asipokuwa na mpira.

Chakula: migebuka na dagaa tunao, msiwape watoto chipsi kabla ya mechi. Usingizi, wazazi mnajua. Mikataba nilikuwa na mengi, lakini muda umeniishia. Kwa leo, mzazi asisaini karatasi asiyosomewa.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi nipo uwanjani. Washambuliaji tu. Tutapiga kona 40, na hakuna atakayegusa mpira mpaka ya 20. Akina mama mnakaribishwa, saa ninazo nne.