Kesho ya Mwisho

Ahsanteni, ketini. Mlionisikia mara iliyopita mnajua ninakoelekea, kwa hiyo mna ruhusa ya kusinzia. Nitawaamsha wakati wa maswali.

Nimepewa mada ya "kumwandaa mtoto kuanza shule". Sitaizungumzia. Mtoto ameshaandaliwa! Begi lipo, jina limeandikwa mpaka kwenye soli za viatu, penseli zimechongwa hadi zimebaki nusu. Ambaye hajaandaliwa katika nyumba ile ni mtu mzima anayemshika mkono.

Nitawasimulia habari ya neno moja. Mwanangu alipokuwa na miaka 4 hakuwa na jana. Alikuwa na leo, na siku nyingine zote, zilizopita na zijazo, aliziita kesho. "Baba, kesho tulimwona paka." "Kesho nilipokuwa mdogo nililia?" Mama yake alijitahidi: "Sema jana, mwanangu." Naye akajibu kwa upole kabisa, "Ndiyo, kesho." Nyumba nzima ikaambukizwa. Siku moja kazini nilimwambia mkubwa wangu kwamba ile ripoti nilishamtumia kesho. Alinitazama kwa muda mrefu.

Basi, akaanza shule. Wiki ya tatu, jioni, ameketi sakafuni anavua viatu, hata hakuinua uso: "Jana mwalimu alitusomea hadithi ya sungura."

Jana. Imekaa mahali pake, na kitenzi chake kimetulia.

Nilipaswa kushangilia, na nilishangilia, kwa sauti. Kisha nikaenda bafuni nikafungua bomba ili ionekane nanawa uso. Kilichonipiga ni kwamba ile kesho ya mwisho ilikuwa imeshasemwa. Labda Jumanne, labda nikiwa kwenye simu naitikia "enhee" bila kusikia. Neno lake la kwanza nalijua, nalijua hadi siku na saa, kwa sababu nilimpigia bibi yake usiku uleule. Nionyesheni mzazi anayejua tarehe ya kosa la mwisho. Jino lina adabu: meno ya utotoni ni 20, yanaanza kung'oka karibu na miaka 6, na kila moja linalegea kwanza, linakupa taarifa, kisha linakuja kiganjani. Neno linaondoka bila kuaga.

Kuna baba mmoja hunikatiza hapa kila mwaka, na leo namwona ameshainua mkono. Ulitaka abaki hivyohivyo? Mtu wa miaka 30 aende benki aseme "kesho niliweka pesa"? Shusha mkono, ndugu yangu. Nilitaka aende na sikutaka aende, yote mawili, saa ileile. Watu wanatuuliza wazazi, "Umefurahi au umehuzunika?" kama karani anayejaza fomu yenye visanduku viwili. Mimi natia alama kote. Fomu ikiharibika, si yangu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo huwa nachelewa. Mtoto kuondoka asubuhi hakuumi sana, mchana anarudi na njaa. Kinachouma ni kile asichoweza kukibeba. Watu wazima wengi hawakumbuki karibu chochote cha kabla ya miaka 3 hivi; Sigmund Freud, yule daktari wa Austria aliyechunguza akili za watu, aliandika kuhusu huko kusahau utoto mwaka 1905. Tulidhani mtoto hakuwahi kukihifadhi. Si kweli! Patricia Bauer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Emory kule Marekani, na wenzake waliwarekodi watoto wa miaka 3 wakizungumza na mama zao kuhusu mambo yaliyowapata, kisha wakawarudia miaka ikipita. Waliorudiwa wakiwa na miaka 5 hadi 7 bado walikumbuka zaidi ya asilimia 60 ya matukio yale. Wa miaka 8 na 9 walikuwa wameshuka chini ya asilimia 40. Pigeni hesabu wenyewe. Mtoto anaingia darasa la kwanza na utoto wake bado anao, halafu unamponyoka humohumo, katikati ya herufi na kujumlisha.

Wangu sasa ana miaka 9. Juzi nilimsimulia habari ya kesho. Alicheka mpaka akashika tumbo, akasema, "Huyo mtoto alikuwa anachekesha." Huyo mtoto! Kama mtoto wa jirani aliyehama. Mimi na mama yake ndio tuliobaki tunaomjua.

Kwa hiyo naomba jambo moja tu, lilelile la siku zote: daftari. Usiandike alipoanza kutembea, hilo hutalisahau. Andika makosa. Andika anavyosema vibaya, anavyohesabu akiruka saba, anachoogopa bila sababu. Mtaniambia mna picha elfu nne kwenye simu. Picha haisemi kesho. Mtaniambia basi video. Toeni simu muone: mtoto anaacha alichokuwa anasema, anaanza kuigiza mtoto. Daftari halimtishi mtu. Na mkishaandika, zungumzeni naye juu ya hayo mambo, kwa kirefu, mumwache yeye aongoze hadithi hata akipotoka. Watoto wanaozungumzishwa hivyo hukumbuka zaidi. Hili limechunguzwa vya kutosha, si langu.

Naona nanyooshewa saa. Upesi basi. Msitoroke langoni! Mnajua ninayemsema: anamgeuza mtoto atazame bembea, halafu anachomoka. Mtoto akigeuka hakuoni, na kesho yake hatakubali kugeuka tena. Aga, sema utarudi lini kwa lugha anayoielewa, "baada ya hadithi ya mwisho", si "saa saba na nusu", kisha ondoka kweli, usirudi kuchungulia dirishani. Kulia ruhusa, ila pinda kona kwanza.

La kifungua mimba na la kitinda mimba, ambaye kwake nyumba inabaki kimya kabisa, nimeliruka. Linataka siku yake. Nilikuwa pia na sehemu nzima kuhusu Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua mahali pa watoto wadogo mwaka 1837, na mwaka 1840 akapaita bustani ya watoto. Ilikuwa sehemu nzuri sana, itabidi mniamini.

Haya, maswali. Ndiyo, mama pale nyuma. Kama ni lile la kuchungulia dirishani, nilishakuona Jumatatu.